Jiwe la Babu Hugh

Ukipanda ngazi za nyumba ya Wilda McIlhaney, upande wa kulia wa mlango, ulikuwa unalikuta jiwe la mtoni la kijivu, kubwa kama tikiti maji, na juu yake kuna kishimo kama kisahani. Hakuna aliyeingia nyumba ile bila kuligusa. Watoto wa ukoo walifundishwa kutia kidole kwenye kishimo na kusema, "Shikamoo, Babu Hugh," ndipo wapewe biskuti. Wageni waliambiwa kishimo kile kilichimbwa na vidole vya wafiwa, kizazi baada ya kizazi, waliokuwa wakiligusa jiwe makaburini. Maelezo hayo Wilda aliyatunga mwenyewe siku moja akiosha vyombo, na alipokwisha kuyasimulia mara kadhaa akayaamini.

Mtu asiyemjua angesema ni mwongo. Hapana. Wilda alikuwa mpishi wa shule, na karibu maisha yake yote ya kazi alisimama nyuma ya kaunta katika shule ya bonde letu, wavu kichwani, akipakua maharagwe na viazi vya kuponda. Watoto walimwita Bi Wilda, na wazazi wao hawakumwita chochote. Mumewe alifariki mapema, na mtoto hakujaliwa. Sauti ya ukoo ilikuwa ya kaka yake, Garland, mwenye duka la matairi, mtu ambaye akikusalimia barabarani mbwa wa jirani wanabweka. Wilda alikuwa yule dada anayeleta mayai ya kuchemsha kwenye sherehe na kuondoka wa mwisho na sahani zilizooshwa.

Alianza kutafuta mababu baada ya kumzika mama yao. Siku ile mtu aliuliza babu yake marehemu alikuwa nani, wakatazamana, kumbe hakuna ajuaye. Wilda aliona haya, na haya ile ikamtuma kazi. Alikwenda mahakama ya wilaya, alitembelea makaburi yaliyomezwa na vichaka, alikaa na vikongwe katika nyumba za wazee akiwalisha uji ili wamwambie nani alimzaa nani. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kuchambua maharagwe, zima huku, bovu kule. Watu walimcheka. Garland alimcheka kuliko wote. "Wafu wamelala zao, Wilda, wewe unawagongea mlango!"

Kisha akampata Hugh, na kicheko kikaisha.

Hugh McIlhaney alikuwa kijana wa Antrim, huko Ayalandi, aliyeshuka melini Filadelfia wakati nchi hii ingali mali ya mfalme wa Uingereza. Nauli hakuwa nayo, kwa hiyo nahodha alimuuza palepale gatini kwa mkulima mmoja, amtumikie miaka minne. Alipomaliza akapewa nguo na shoka, akaifuata barabara ya magari ya farasi kuelekea kusini, hadi huku kwetu kwenye milima ya Karolina Kaskazini. Akaoa, akazaa, akafa. Ukoo mzima ulimpenda kwa ufukara wake. "Aliuzwa kama ndama!" Garland alikuwa akisema kifua mbele. "Hana hata kiatu cha pili! Haya, tutazameni leo!"

Ndivyo tulivyo. Fukara akishalala ardhini miaka mia mbili na zaidi anakuwa fahari ya ukoo, na fukara anayeishi kule juu kwenye korongo, ukoo uleule unapandisha vioo vya gari ukipita mbele ya nyumba yake.

Tangu hapo Wilda akawa mtu. Binamu kutoka Texas na Ohio, ambao zamani hawakujua hata jina lake, walimpigia simu. Na kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Juni, alikuwa na robo saa yake. Jumapili hiyo sisi huiita ya Maua. Baada ya ibada watu husafisha makaburi, kila mtu hupamba wafu wake, na makaburi yasiyo na jina nayo hupata ua, maana yeyote apitaye na kikapu hulitupia kaburi la namna hiyo ua moja. Kisha meza hupangwa chini ya miti, kuku wa kukaanga, maharagwe, mkate wa mahindi, chai baridi yenye sukari ya kukwaruza koo. Watu wakishashiba, Garland hupanda juu ya benchi na kupiga kelele, "Dada yangu, tuite!" Hapo Wilda husimama bila karatasi yoyote na kuuita ukoo, kuanzia Hugh. Kila tawi likitajwa watu wake huinuka, mpaka anafika kwa mtoto mchanga wa mwisho, mamake anamwinua juu, watu wote wanapiga makofi. Mwanamke aliyepakua maharagwe maisha yake yote alikuwa akitetemeka kwa furaha dakika zile.

Kilichokosekana ni kaburi. Kila mwaka, bila kukosa, mtu wa Texas au wa Ohio aliuliza, "Na mwenyewe Babu Hugh amelala wapi?" Wilda alijibu kwamba hajui. Jibu la kweli, lakini lilimkera kama punje katikati ya meno.

Ndipo Uel alipopiga simu kutoka Antrim. Huyu Uel McIlhaney ni mkulima wa kondoo, Wilda alimpata katika utafutaji wake, na sasa alikuwa anakuja Jumapili ya Maua na kopo la udongo kutoka shamba alikozaliwa Hugh, aumwage juu ya kaburi lake.

"Tafuta kaburi, Wilda," Garland akasema.

"Halipo. Nimetafuta mpaka nimechoka."

"Wewe umempata mtu aliyekufa kabla ya balbu ya umeme, utashindwa na shimo la futi sita?"

"Garland, siwezi kuzua."

"Nani kasema uzue? Safu ya juu pale imejaa mawe yasiyo na jina. Moja haliwezi kuwa lake?"

"Huenda."

"Basi! Huenda yako inanitosha. Jiwe jipya nalipa mimi."

Huku kwetu mtu akitaka kusimamisha jiwe la kaburi kwenye safu ya zamani, hutangaza kanisani, kisha huenda nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna mwenye mtu wake pale. Wilda alitangaza. Nyumba za bondeni alizipitia zote, akanywa kahawa katika kila jiko. Zilibaki zile za juu, kwenye korongo, kwa akina Teague na wenzao, watu wasiofika kanisani kwetu ila Jumapili ya Maua. Huko hakupanda. Alijiambia goti linamuuma. Goti lilimuuma kweli, lakini si kiasi hicho.

Siku ya kuchagua walisimama makaburini wawili tu, yeye na Garland, na Wilda akanyoosha kidole kwenye jiwe zuri kuliko yote katika safu ya juu, lile la kijivu lenye kishimo. Kidole kilipokuwa hewani ndipo kumbukumbu ilipomjia. Ana miaka kumi, amevaa gauni la Jumapili, na mbele ya jiwe hilo kijana mwembamba amepiga magoti. Ana kopo la kahawa lililofungwa karatasi ya fedha, limejaa maua meupe ya msituni, na anamimina maji kwenye kishimo polepole kama anayemnywesha mgonjwa. Mama yake Wilda anamvuta mkono. "Hao ni watu wa Teague. Usimkodolee macho."

Kumbukumbu ikaja, ikasimama mbele yake, naye akaigeuzia mgongo. Alijiambia kwamba siku ile kila mtu hutupia ua kaburi lisilo na jina, kwa hiyo kijana yule alikuwa mpita njia kama wengine. Desturi yetu nzuri ikawa ndiyo pazia lake la kujifichia.

"Ni hili," akasema.

Jiwe jipya lilikuwa la itale nyeusi, limeng'arishwa hadi unajiona sura, limechongwa jina la Hugh na meli yenye matanga matatu, ingawa hakuna aliyejua meli ya Hugh ilikuwa na matanga mangapi. Uel alikuja, akamwaga udongo wake, akalia. Wilda naye alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lile jiwe la mtoni wachongaji walikuwa wameling'oa na kulisukumia kando, na Garland akalipakia kwenye gari la dadake. "Lichukue. Umelistahili." Ndivyo lilivyofika mlangoni pake.

Jumapili mbili za Maua zilipita hivyo, na zote mbili Wilda aliuita ukoo kwa sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Mwaka uliofuata alifika makaburini mapema na waridi zake, akawa anafuta vumbi kwenye meli ya Hugh, gari lenye namba za Ohio liliposimama langoni. Akateremka mwanamke mwenye miwani ya jua, kisha akamsaidia mzee mrefu kushuka. Wilda alimtambua kwa ule wembamba. Alikuwa Harless Teague. Watu walisema alivunjika nyonga kabla jiwe jipya halijasimamishwa, binti yake Twyla akamchukua kwake, na wengine walishamhesabu kuwa marehemu. Mkono mmoja ulikuwa na fimbo. Mwingine ulikumbatia kopo la kahawa lililofungwa karatasi ya fedha.

Mzee alikwenda mpaka kwenye mwerezi ulio mwanzo wa safu ya juu, akaushika kwa kiganja, akaanza kutembea akihesabu kwa midomo. Alifika kwenye itale, akasimama. Akalitazama jiwe. Akageuka akautazama mwerezi. Kisha akarudi hadi kwenye mti, kwa fimbo yake, polepole, akaushika tena na kuanza kuhesabu upya.

Wilda aliona yote hayo akiwa na kitambaa cha vumbi mkononi. Damu ilimpanda usoni mpaka masikio yakawaka.

"Umepotea, Mzee Harless?" akauliza, na alijichukia kwa ile sauti yake tamu.

"Sijui, mama," Harless akasema. "Mahali hapa nilikuwa napajua hata nikifumba macho. Labda ndio uzee. Twyla, mti si huu?"

"Ni huo, baba."

"Basi mama yangu alikuwa hapa." Akaelekeza fimbo kwenye nyasi mbele ya itale. "Palikuwa na jiwe. Baba alilitoa mtoni, akalibeba mgongoni mpaka huku juu, maana nyumbu wetu wa mizigo tulikuwa tumeshamuuza. Lina kishimo. Nilikuwa na miaka saba. Mimi ndiye nilikuwa natia maji humo, naweka maua yake. Hukuliona, mama? La kijivu."

Hapo ndipo angesema. Alikuwa na nafasi, hakuna mtu mwingine karibu, na maneno yalikuwa matatu tu. Badala yake alisikia mdomo wake ukijibu, "Labda walilisogeza wakati wa kukata nyasi."

"Labda," Harless akakubali. Hakuwa mtu wa kubishana na watu wa bondeni. Akalitazama jiwe la itale kwa heshima. "Na hili la nani?"

"La babu yetu. Yule aliyetoka Ayalandi."

"Ahaa. Hongereni. Jiwe zuri." Akainama kwa taabu, akaliweka kopo lake chini ya meli yenye matanga matatu. "Naomba niweke hapa, mama. Sijui pengine pa kuweka. Mzee wenu hatakasirika?"

"Hatakasirika," Wilda akasema.

Twyla alikuwa amevua miwani. Alimtazama Wilda kuanzia viatu hadi nywele. "Baba, hawa watu wamemkalia Bibi."

"Nyamaza, Twyla. Leo ni siku ya watu."

Wilda aliondoka pale. Alipofika kwenye meza alivaa wavu wake wa nywele, akapakua kuku, akasahau amempakulia nani. Alimwagia mtoto chai. Alitamani ardhi ipasuke immeze, kisha akakumbuka kuwa ardhi ile ina wenyewe. Kilichomuuma zaidi ya uongo ni lile neno "hongereni". Mtu ameibiwa mamake, anampongeza mwizi.

Alimvuta Garland nyuma ya gari lake.

"Kaburi lile ni la mamake Harless Teague."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Harless? Ametengenezwa nyonga, walisahau kumtengeneza kichwa. Rudi mezani, mayai yako yanaisha."

"Garland, nilijua."

Garland akaacha kutafuna. "Ulijua nini?"

"Nilimwona pale nikiwa mtoto. Siku nanyoosha kidole nilikumbuka. Nilijua."

Kaka yake akatazama huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu cha aibu njiani. "Sasa sikiliza. Umekaa na kujua kwako miaka yote hii, endelea kukaa nako. Uel yupo kwenye simu, anatutazama kutoka Antrim. Watu wa Texas wameleta wakwe zao. Unataka tuumbuke mbele za watu kwa ajili ya akina Teague? Watakuita nani kesho? Utarudi kuwa nani, Wilda?"

Swali hilo lilimpata penyewe, kwa sababu alilijua jibu. Angerudi kuwa mtu wa mayai.

Dakika chache baadaye Garland alikuwa juu ya benchi. "Dada yangu, tuite!"

Wilda akasimama. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye mtungi wa chai, na ndani yake uso mwekundu wa Uel ukitabasamu.  Yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha desturi kwamba jina la Hugh likitajwa, wote wageuke walitazame kaburi lake.

"Hugh McIlhaney," akasema, "wa Antrim."

Ukoo mzima ukageuka.

Kule juu, kando ya itale, Harless alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja ambacho Twyla alikitoa garini, kofia juu ya goti. Hakuwa amekaribishwa mezani na mtu yeyote. Alipoona umati wote unamtazama, alishtuka. Aliona kwamba amewazibia watu babu yao. Akaanza kuhangaika kuinuka, fimbo ikateleza, akaikamata, huku akiinua kofia na kusema kwa sauti iliyofika hadi mezani, "Samahani. Samahanini, napisha. Samahanini sana."

"Kaa, Mzee Harless!" Wilda akapiga kelele. "Kaa hapo hapo! Usimpishe mtu!"

Watu wakamgeukia. Garland akatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Yule si Hugh," Wilda akasema. Alikuwa analia na hakujifuta. "Pale hayupo Hugh. Hugh sijui alipo, sikuwahi kujua. Mlikuwa mnaniuliza kila mwaka nikaona haya kusema sijui, nikanyoosha kidole. Pale amelala mamake Harless. Na nilijua. Nisiwadanganye tena, nilijua. Nilimwona mtoto wake akimpa maji nikiwa na miaka kumi, nikajitia sikumbuki, kwa sababu ni akina Teague. Mngekuwa ninyi ningeuliza. Na lile jiwe mlangoni kwangu, ambalo watoto wenu wanaliamkia, ni lake. Kishimo kile hakikuchimbwa na vidole vya mtu wa ukoo wetu."

 Mke wa binamu mmoja wa Texas alitazama sahani yake kama aliyeona nywele ndani. Uel kwenye simu aliuliza, "Mnasema nini huko?" na mtu akamlaza kifudifudi.

Garland aliteremka kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza maishani alizungumza kwa sauti ya chini. "Umetuvua nguo, Wilda."

"Nimejivua mwenyewe," akasema, akachukua funguo za gari.

Nyumbani kwake si mbali. Aliliinua lile jiwe peke yake, kwa mikono iliyonyanyua masufuria ya shule, akalilaza kwenye kiti cha mbele kilichokuwa tupu tangu mumewe afe. Njiani aliligusa mara moja, kisha akaondoa mkono kama aliyeshika cha watu. Aliporudi, vijana wawili walikimbilia mlango wa gari kumpokea. Akawakataa. Alilibeba kutoka langoni, akapita katikati ya meza, mbele ya kila mmoja, gauni limechafuka udongo na wavu wa nywele umekaa upande. Walimpisha bila kumtazama usoni. Aibu ile ilikuwa ndefu kuliko njia yenyewe.

Alilishusha mbele ya kiti cha mzee, akabaki amepiga magoti, maana goti sasa lilikataa kabisa kuinuka.

Harless alilitazama. Akanyoosha mkono, na kidole chake cha gumba kikaingia kwenye kishimo bila kutafuta.

"Ndilo," akamwambia Twyla.

"Nililichukua mimi," Wilda akasema. "Na ile habari ya kukata nyasi, nilikudanganya."

"Nilijua, mama. Wakata nyasi hawahangaiki kubeba jiwe kama hili."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Ndipo Wilda, kichwa chini, akauliza jambo ambalo alipaswa kupanda korongo kuliuliza tangu zamani. "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Mwanamke aliyeweza kuwataja McIlhaney vizazi saba bila karatasi alisubiri jibu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Zettie," Harless akasema. "Alikufa na mtoto tumboni. Wamelala pamoja."

"Zettie Teague," Wilda akarudia. Nyuma yake watu walikuwa wamepanda wakasogea karibu, kofia mikononi, na baadhi yao walilirudia jina hilo kwa sauti ndogo, kama wanavyofanya tawi linapoitwa. Garland alikuja wa mwisho, shingo upande, akiwa na mtaimbo kutoka kwenye gari lake.  Yeye na vijana watatu waliling'oa jiwe la itale, wakalilaza kwenye nyasi, meli ikitazama mawingu.

Twyla ndiye aliyelishika jiwe la mtoni upande mmoja, Wilda upande wa pili, wakalirudisha mahali pake. Harless alimimina maji ya kopo kwenye kishimo, akaweka ua moja jeupe, akalisukuma kidogo kwa kidole mpaka likakaa anavyotaka.

Wilda alikuwa bado chini. Aliona kati ya nyasi udongo mweusi usiofanana na wetu mwekundu, ule wa kopo la Uel, umeshikamana na mizizi. Hata hilo lilibaki la kukiri.

"Mzee Harless, kuna kitu kingine. Tulimwagia udongo hapa. Wa Ayalandi, wa shambani kwao Hugh. Uko juu yake. Nitauchota wote, nitachambua hata kwa vidole."

Harless aliweka mkono juu ya jiwe.

"Uache," akasema. "Maisha yake yote mama hakuwahi kwenda popote."